Keki ya Kisima

Kabla hujaruhusiwa kugusa unga jikoni kwa Ngendo, ulitakiwa usimame wima mbele ya meza, mikono nyuma, uyaseme maneno yote ya keki bila kukwama. "Siagi na sukari, koroga mpaka ziwe nyeupe. Mayai, moja moja. Unga, chekecha mara mbili. Beking pauda, vijiko viwili vilivyojaa. Moto wa wastani. Usifungue mlango mpaka harufu ikuite." Kagure aliyasema kila asubuhi, kama watoto wa katekisimu wanavyosema amri kumi, ila padri huwa na subira zaidi. Ukisahau kuchekecha mara mbili, unaanza upya. Ukicheka, unakwenda kupasua kuni.

Kagure alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye macho ya kuchunguza kila kitu. Alikuwa amemaliza darasa la saba kule Othaya, akakosa nafasi ya kidato cha kwanza kidogo tu, na mama yake akaona heri ampeleke Nyeri mjini kwa dada ya baba yake kuliko abaki nyumbani akichuma chai na kununa. Shangazi huyo ndiye Ngendo. Mjini walimwita Mama Keki. Alikuwa na jiko la dova, la chuma tupu, lenye oveni ubavuni, alilolinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago mwaka wa Uhuru. Tangu siku ile hakuna arusi ya maana iliyofungwa Nyeri bila keki yake.

Kagure aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa. Aliipenda harufu, akaupenda moto, akapenda hata kusugua mikebe. Jambo moja tu lilimnyima raha, nalo ni kwamba shangazi yake angeweza kumrudisha Othaya wakati wowote, na hakuacha kumkumbusha. Kikapu cha chai kilikuwa kinamngoja nyuma ya mlango wa mama yake, na Kagure alikijua uzito wake kikilowa umande.

Sasa, keki za Ngendo zilikuwa na shimo.

Si shimo la kujificha. Keki iliingia ovenini ikiwa sawa, ikafura kwa madaha, halafu ikadidimia katikati kama godoro la mtu mnene. Ngendo alilijaza lile shimo jamu nyekundu, akazungushia aising nyeupe kwenye ukingo, na watu wakaambiwa kwamba hicho ni kisima, na kwamba ndivyo keki za Mombasa zilivyo. Nani angebisha? Ngendo alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi, akiwa yaya, na wengi wa majirani zake walikuwa hawajafika hata Thika. Basi kisima kikawa desturi. Bwana na bibi arusi walichota jamu kwa kijiko kimoja na kulishana huku akina mama wakipiga vigelegele, na mchungaji alikuwa ameshahubiri mara kadhaa juu ya ndoa na kisima kisichokauka. Ungempelekea mtu wa Nyeri keki isiyo na shimo, angekuuliza katikati yake umepapeleka wapi.

Kagure naye aliamini hivyo mpaka siku mkebe wa beking pauda ulipokaribia kuisha. Shangazi alikuwa uani akibishana na mchuuzi wa mayai. Kagure alikwangua mkebe akapata kama kijiko kimoja, akakitia hicho hicho, na kwa hofu akasukumia kuni nyingi za muwati, mti wenye moto mkali, kwenye jiko, kana kwamba moto ungelipa kilichopungua. Keki ilitoka imesimama. Ilikuwa imetuna kidogo juu, ina ufa mdogo, na ukiibonyeza inarudi.

Ngendo aliingia, akaiona, akasimama. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Kagure hakuielewa. Hakuwa amekasirika bado, alikuwa kama mtu aliyekutana na jamaa aliyemdhani amekufa. Hasira ilikuja baadaye. Aliuliza imefanywa nini, akaambiwa, akaikata keki vipande na kuwatupia kuku.

"Nikisema viwili ni viwili," alisema. "Ukibadilisha tena, utapanda gari la Othaya na vitu vyako."

Kuku walikula kwa bidii. Kagure aliwaangalia akaona wivu.

Rafiki yake mjini alikuwa mmoja tu, Zabibu, binti wa mama muuza mahamri wa mtaa wa Majengo, ambaye familia yake ilikuwa imehamia kutoka Mombasa na bado ilikuwa inalalamikia baridi. Kagure alimsimulia mambo ya keki na kisima. Zabibu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mombasa ipi hiyo?" aliuliza. "Mimi nimezaliwa kule. Keki ya kwetu haina shimo, bibi we. Ikiwa na shimo imeharibika."

Halafu akamweleza kwamba mama yake ana ugomvi na maji ya Nyeri. Alikuwa akisema maji ya huku yana haraka ya kuchemka lakini hayana moto. Unayaona yanatokota, unatia maharagwe, na jua linatua maharagwe yakiwa magumu kama changarawe. Pwani maharagwe yale yale yangekuwa yameshaliwa na vyombo vimeoshwa. Kagure hakujua sababu yake, yaani mwinuko wa Nyeri huku milimani, na Zabibu hakujua, na mama mtu alikuwa akiilaumu serikali. Lakini njiani kurudi nyumbani Kagure alifikiri: kama maji ya huku yana haraka, huenda na keki ina haraka. Inapanda mbio kabla haijapata nguvu, halafu inachoka.

Ungekuwa wewe au mimi, tungeishia hapo, tungekuwa na wazo zuri la kulala nalo. Kagure alikuwa na umri ule ambao wazo haliwezi kukaa kichwani bila kuwasha mikono. Kila Alhamisi mchana Ngendo alikwenda kwenye mkutano wa akina mama kanisani, na dova lilibaki na moto. Kagure akaanza kuweka unga kidogo wa siri, na mikebe mitupu ya maziwa, na Zabibu akawa mlaji rasmi.

Alianza vibaya. Aliiacha beking pauda kabisa akapata jiwe. Akatia kidogo sana kwenye moto mdogo, akapata kitu ambacho Zabibu alisema kinafaa kuziba tundu la paa. Akaongeza moto, akaunguza. Akaweka mkebe mmoja nyuma na mwingine mbele, ukatoka mmoja mweusi na mwingine mbichi, naye akajifunza kwamba oveni ile ina upande wa hasira na upande wa upole. Akagundua kwamba konzi ya ziada ya unga inaisaidia keki isianguke, na kwamba harufu huita mapema mno. Ukiifuata, unafungua mlango keki ingali changa. Afadhali usubiri ukingo wa keki uachane na mkebe wenyewe. Hayo yote hakuna aliyemwambia. Mengine hata hakuyajua kwa maneno, aliyajua kwa kiganja chake mbele ya mlango wa oveni, kiganja kikisema bado, bado, haya sasa.

Zabibu alikula yote, hata yale yaliyostahili kuku, na mwishowe akaletewa kikeki kilichosimama vizuri, laini, cha kahawia. Alikitafuna polepole na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Alisema hicho ni cha kwao.

Kagure alifurahi mno siku ile, halafu akaogopa. Alikuwa anajua kitu ambacho hakuruhusiwa kukijua. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akasema vijiko viwili vilivyojaa, na akatia vijiko viwili vilivyojaa, na akaitazama keki ikididimia huku akijua fika kwa nini.

Angeendelea hivyo miaka, pengine, kama si Mwalimu Wahome. Huyu alikuwa mkuu wa shule moja ya msingi pale karibu, mtu wa tai na maneno marefu, na binti yake Murugi alikuwa anaolewa na kijana aitwaye Mutahi. Mwalimu alikuwa ameona kwenye gazeti picha ya keki ya Nairobi yenye ghorofa tatu. Alitaka hiyo hiyo. Ngendo angesema haiwezekani, yangekwisha. Lakini Ngendo alikuwa na sifa zake za kulinda, akasema hiyo ni kazi ndogo.

Kazi ndogo ilianza kumtoa jasho wiki ile ya arusi. Alioka keki ya chini, kubwa kama ungo, yenye kisima chake. Akaoka ya pili, akaiweka juu ya ya kwanza kujaribu. Ile ya juu ilikaa kidogo, ikafikiri, halafu ikazama katikati kama mzee kwenye kiti kibovu, jamu ikatoka pembeni ikateremka hadi sakafuni. Ngendo alifuta sakafu. Kisha akasema kuna mtu hakuchekecha unga mara mbili, na dawa ni moja tu, kuanza upya na kuyafuata maneno kwa ukali zaidi. Waliyasema wote wawili pamoja, kwa sauti, mtu mzima na mtoto, mikono nyuma. Walioka tena. Ilizama tena, labda kwa heshima zaidi.

Ijumaa, arusi ikiwa kesho, Ngendo aliitwa kanisani kwa sababu sufuria za wali zilikuwa hazijulikani zilipo na yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimwachia Kagure unga, mayai na siagi ya ghorofa zote tatu, akamwagiza aoke upya, neno kwa neno, asipunguze wala kuongeza. Alipofika mlangoni alirudi.

"Kagure, nakuomba," alisema, na hilo lilimtisha msichana kuliko vitisho vyote, maana shangazi yake hakuwa mtu wa kuomba.

Kagure alibaki peke yake na mkebe wa beking pauda. Hesabu yake ilikuwa rahisi na chungu. Akitii, keki itaporomoka mbele ya watu wote, shangazi ataaibika, lakini yeye atakuwa safi na atabaki jikoni. Akikaidi, keki itasimama, na Jumatatu yeye atakuwa kwenye gari la Othaya na sanduku lake la bati. Alilia kidogo, kwa sababu alikuwa mtoto na kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la haki. Halafu akajipangusa, akaweka kuni za muwati, na kila palipotakiwa vijiko viwili vilivyojaa akatia kimoja kilichosawazishwa kwa kisu.

Ngendo aliporudi jioni, jua bado likiwa kwenye migomba, keki tatu zilikuwa zimepangwa mezani, moja kubwa, moja ya kati, moja ndogo, zote zimesimama. Kagure alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma. Alikuwa ameshafunga sanduku lake ili kumpunguzia shangazi kazi.

Ngendo alivua kitambaa cha kichwa. Akaibonyeza keki kubwa kwa kidole, ikarudi, akaibonyeza tena. Kisha akakaa kwenye gunia la makaa, na nguo yake nzuri ya mkutano.

"Mombasa zilikuwa hivi," alisema.

Akaendelea polepole, akiongea na keki zaidi kuliko na Kagure. Yule mama wa Mombasa ambaye watoto wake alikuwa akiwalea alimfundisha maneno yale akayashika, na kule keki ilisimama kila siku. Akarudi Nyeri na maneno yale yale na mkono ule ule, keki ya kwanza ikaanguka, nayo ilikuwa ya arusi, na watu walikuwa wameshafika. Ndipo akasema kisima. Alikuwa na uhakika kwamba kuna mahali anakosea, kwamba ameacha kitu, neno moja labda, na kila keki ilipoanguka alizidi kuyabana maneno, na ndiyo maana watu walisimama mbele ya ile meza.

"Na ile yako ya kwanza niliiona," alisema. "Niliogopa. Nikasema, kama mtoto ameipata kwa kukosea, mimi nimekuwa nikifanya nini miaka hii yote?"

Kagure alitaka kumkumbatia lakini hakujua pa kuanzia, basi akampa chai. Aliuliza kuhusu Othaya. Ngendo alijibu kwamba mambo ya Othaya yatazungumzwa Jumatatu, sasa waanze kupaka aising.

Kesho yake keki ya ghorofa tatu ilisimama kwenye uwanja wa shule, nyeupe, imenyooka, na Mwalimu Wahome alizunguka pembeni yake akiwaonyesha wageni kana kwamba aliijenga yeye. Watu waliisifu. Walisifu mpaka ulipofika wakati wa kulishana, Murugi na Mutahi wakasimama na kijiko chao, na kijiko kikabaki hewani. Hapakuwa na mahali pa kukitia. Mchungaji, aliyekuwa ameshafungua kinywa kwa ajili ya yale ya kisima kisichokauka, akakifunga.

Nyanya wa bwana arusi, Cucu Watiri, aliinuka kwa mkongojo wake akaja kutazama kwa karibu. Alikuwa mzee wa kuheshimiwa na hakuwa na desturi ya kunong'ona.

"Kisima iko wapi?" aliuliza. "Ati tumeleta ng'ombe zetu zote hapa, halafu mnatupatia keki imefura kama jipu?"

Minong'ono ikaanza. Mwingine alisema labda jamu imekosekana madukani, mwingine akasema huo ni uchoyo wa kisasa. Mama yake Murugi alikuwa karibu kulia. Ngendo alisimama. Kagure aliyekuwa nyuma yake aliona mabega ya shangazi yakipanda na kushuka.

"Kisima ilikuwa makosa yangu," Ngendo alisema, mbele ya arusi nzima. "Keki zangu zilikuwa zinaanguka, na mimi niliwadanganya. Hii ndiyo keki. Huyu msichana wa ndugu yangu ndiye ameipika."

Cucu Watiri akacheka, na watu wote wakacheka, wakampigia makofi. Hakuna aliyeamini hata neno moja. Walidhani ni unyenyekevu wake, Mama Keki anampisha mtoto apate sifa, na wengine walisema baadaye kwamba hawajawahi kuona mwanamke mwenye moyo mzuri namna ile. Cucu alimgonga bega akamwambia kwamba kama yalikuwa makosa, yalikuwa makosa matamu, na sasa afanye hima walete kisima, jua ni kali.

Ngendo aligeuka akamtazama Kagure. Katika maisha yake yote hakuwa amesema ukweli mgumu namna ile, na ulikuwa umekataliwa kama hundi mbovu. Midomo yake ilianza kutetemeka, na Kagure alidhani analia, kumbe anakizuia kicheko. Akampa msichana kijiko.

Basi Kagure akapanda juu ya kiti, mbele ya watu wote, akachimba shimo zuri la mviringo katikati ya ghorofa ya juu. Chupa ya jamu ililetwa kutoka nyumbani kwa mwalimu. Bwana na bibi arusi walichota, wakalishana, vigelegele vikapaa, na mchungaji akapata kusema yake. Keki haikuyumba hata kidogo. Mabaki ya shimo Kagure alimpelekea Zabibu, aliyekuwa amesimama kwenye ua akichungulia, na Zabibu aliyala huku akisema watu wa huku ni wagonjwa wote.

Jumatatu ilifika. Kagure aliamka mapema, sanduku lake likiwa bado limefungwa, akavaa viatu vya safari kwa tahadhari. Ngendo alimkuta jikoni. Hakutaja gari wala Othaya. Alisema kuna arusi nyingine wiki hiyo, mjukuu wa Gicheru wa duka la viatu, nao wanataka ghorofa tatu na kisima. Wasimame waseme maneno.

Kagure alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Alianza kwa siagi na sukari kama kawaida, akafika kwenye beking pauda, vijiko viwili vilivyojaa.

"Sio hiyo," Ngendo alimkatiza. "Sema ile yako."

Kagure alifungua kinywa. Alitafuta maneno yale, akakuta hayapo. Palikuwa na kiganja mbele ya mlango, na rangi fulani ya ukingo, na upande wa hasira na upande wa upole, na jinsi mwiko unavyokuwa mzito mkononi unga ukishatosha. Alihisi uso ukimwaka, kwa maana hii ndiyo nafasi yake.

"Sijui kuisema, Tata," alijibu, akimwita shangazi kwa jina la kwao. "Mimi huwa naangalia tu."

Ngendo akakivuta kigoda kutoka chini ya meza, akakiweka karibu na dova, mahali ambapo Kagure ndiye huketi siku zote, akakalia. Aliweka mikono yake magotini.

"Basi vua hivyo viatu uwashe moto," alisema. "Leo naangalia mimi."